Cherehani ya pedeli kuruka mishono kwenye tanga: sindano, shato, uzi au kitambaa? (Na hii "nakala ya Singer" ni feki kweli?)

#1 Tanga_la_Igombe
Wakuu, salaam. Kuna ubishi usioisha kwa wanaoshona matanga ya mitumbwi. Cherehani nyeusi ya pedeli, ya kawaida kabisa, inashona kitenge na khaki vizuri. Ukiiwekea pindo la tanga la viroba, yaani tabaka nne na kwenye kona hadi nane, inaruka. Mishono mitatu inakaa, wa nne haupo, uzi wa juu unabaki unaning'inia. Turubai ndiyo balaa zaidi. Sindano ni mpya namba 16, uzi wa polista, mafuta yapo.

Wapo wanaosema hizi mashine ni nakala ya Singer, ndiyo maana zinagoma. Mimi nadai mashine haina kosa, tunailazimisha kazi isiyo yake. Anayepinga aje na vipimo.

#2 SindanoKumiNaSita
Napinga, na naanza na sindano. Namba 16 kwenye pakiti huandikwa 100/16, maana yake mwili wa sindano una unene wa milimita 1.0. Namba 18 ni 110, yaani milimita 1.1. Tabaka nne za kiroba zinaipinda 16 kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuiweka mbali na ncha ya shato, yaani kile kidude cha chini kinachodaka uzi. Anza na 18.

Kisha pima uzi na tundu. Toa sindano, ipitishie uzi unaotumia, shika uzi huo mkononi umenyooka kwa kuulaza mshazari. Sindano iteleze yenyewe kwenda chini. Ikikwama, uzi ni mnene kuliko tundu, na hapo usimlaumu shato.

Na hakikisha imeingia hadi mwisho wa kishikio kabla ya kukaza skrubu. Ikibaki chini kwa milimita moja tu, mahesabu yote yameharibika.

#3 Makoroboi
Namba 18 halafu kesho aje mteja wa kitenge, umtengenezee chujio la chai. 😂

#4 SindanoKumiNaSita
#3 sindano inabadilishwa, ngosha. Haijachomelewa.

#5 BibiBobini
Sindano ni nusu ya habari. Tuelewe kwanza mshono unavyozaliwa.

Sindano inashuka hadi chini kabisa na uzi wake. Inapoanza kupanda, uzi ulio upande wenye mfereji mrefu unateleza ndani ya mfereji, lakini ulio upande wa pili unabanwa na kitambaa. Kwa kuwa umebanwa na sindano inapanda, unatuna na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya shato inapita ndani ya kitanzi hicho. Hakuna kitanzi, hakuna mshono.

Sasa kiroba ni kigumu na chepesi, na kinaing'ang'ania sindano. Inapopanda, kinapanda nayo. Uzi nao unapanda pamoja na kitambaa, hautuni. Shato linapita patupu. Hilo ndilo kosa la kwanza kwenye tanga, kabla ya mengine yote.

Dawa yake: kaza skrubu ya juu ya nguzo ya mguu unaobana kitambaa ili ukandamize zaidi. Weka bamba lenye tundu dogo. Bamba la tundu pana, lililoliwa na sindano zilizopinda miaka nenda miaka rudi, linaruhusu kitambaa kizame na kupanda. Mkono mmoja mbele, mmoja nyuma, nyoosha kitambaa. Nimesema nyoosha, si vuta. Ukivuta unaipinda sindano, unarudi kwa #2.

#6 Ngosha_wa_Nyakato
Shikamoo Bibi Bobini, maelezo mazuri, lakini umeruka majira ya shato. Fungueni bamba, toeni kesi ya bobini, zungusheni gurudumu kwa mkono kuelekea kwenu. Sindano ifike chini kabisa, kisha ianze kupanda. Ikipanda kama milimita 2 hadi 2.4, ncha ya shato inatakiwa iwe katikati ya sindano, na iwe juu ya tundu kwa kama milimita 1.5. Nafasi kati ya ncha na sindano ni 0.05 hadi 0.1, yaani karatasi ya kawaida ya ofisini ipite kwa shida.

Kinachotokea kwa washona matanga ni hiki: pedeli inapigwa kwa nguvu kwenye kona yenye tabaka nane, sindano inagonga na kukataa, nguzo yake inasukumwa juu ndani ya kishikio. Nusu milimita haionekani kwa macho. Lakini tundu sasa limepanda, shato linapita usawa wa tundu au chini yake, na kitanzi hakipo hapo.

Ondoa bamba la uso upande wa kushoto, utaona skrubu inayobana nguzo ya sindano. Legeza kidogo, shusha, kaza, pima tena.

#7 Tanga_la_Igombe
#6 swali moja. Kama majira yameharibika, kwa nini kitenge hakirukwi? Mashine hiyohiyo, dakika hiyohiyo.

#8 Ngosha_wa_Nyakato
Kwa sababu pamba inaubana uzi na kutoa kitanzi kikubwa. Shato likikosea kidogo bado linakipata. Kiroba kinatoa kitanzi kidogo, kosa dogo linaonekana. Majira mabovu kidogo hujificha kwenye kitambaa laini.

#9 BibiBobini
Marahaba. Hapo umekubali hoja yangu kwa mlango wa nyuma: kitanzi ndicho kinachopungua, na kinapungua kwa sababu ya kitambaa.

#10 Ngosha_wa_Nyakato
Sijakubali kitu mama. 😂

#11 MzeeWaHataza
Niguse hilo la "feki". Singer alibuni cherehani mwaka 1851, hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya Marekani namba 8,294. Hataza ina muda wake, ukiisha kila mtu ruksa kutengeneza. Hizo nyeusi zina umbo la Singer class 15, ambalo lilitoka 1879. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani vilikubaliana vipimo vya pamoja kwa umbo hilo ili vipuri viingiliane, na China nayo ikaja na zake. Ndiyo maana kesi ya bobini ya kiwanda kimoja inaingia kwenye mashine ya kiwanda kingine. Huo si wizi.

Jina "Singer" lenyewe ni habari nyingine. Ni alama ya biashara, na alama inahuishwa kila muda wake unapofika. Umbo unaweza kulitengeneza, kulibandika jina hilo huwezi.

#12 Capripoint
#11 nakusahihisha mzee wangu. Singer hakubuni cherehani. Sindano yenye tundu karibu na ncha, pamoja na shato linalofunga uzi wa pili kwa chini, vimo kwenye hataza ya Elias Howe, namba 4,750, Septemba 1846. Howe alimshtaki Singer, akashinda 1854, na Singer akalipa dola 15,000.

Alichofanya Singer ni kuifanya itumike. Mashine ya Howe ilikuwa na sindano iliyopinda inayokwenda kwa ubavu, na kitambaa kimetundikwa wima kwenye pini za bamba la chuma. Bamba likifika mwisho unasimama, unakitundika upya. Singer akaweka sindano iliyonyooka ya kupanda na kushuka, kitambaa kimelala mezani, na mguu wa kukibana.

#13 Nansio
Na wewe #12 unasahihishwa. Kabla ya Howe kulikuwa na Walter Hunt wa New York, miaka ya 1830. Alikuwa na sindano yenye tundu nchani na mshono wa nyuzi mbili, ila hakuiombea hataza kwa wakati. Wanasheria wa Singer walimfufua baadaye kama ushahidi, mahakama haikuwasikiliza. Huyuhuyu Hunt ndiye mwenye hataza ya pini ya kufungia nguo, ya Aprili 1849. Haki zake aliziuza kwa dola 400.

#14 Makoroboi
Dola 400 kwa pini! Mabinti wa kitchen party wanamdai.

#15 MzeeWaHataza
Haya, nikubali nusu. Lakini meno yanayosukuma kitambaa, yale yanayopanda, yanakwenda nyuma, yanashuka, yanarudi mbele, si ya Howe wala Singer wala Hunt. Ni ya Allen Wilson, 1854. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kutengeneza mashine nzima bila kukanyaga hataza ya mwenzake. 1856 wakaungana: Howe, Singer, Wheeler & Wilson, Grover & Baker. Mtengenezaji mwingine yeyote alilipa dola 15 kwa kila mashine. Hataza ya mwisho ya umoja huo iliisha 1877, na class 15 ikatoka miaka miwili baadaye.

#16 Nansio
Na kwa kuwa mada hii ni ya matanga: hataza ya zamani kuliko zote hizo ni ya Thomas Saint wa London, 1790, na ilikusudiwa kushona ngozi na turubai. Ilikuja kugunduliwa kwenye makabrasha miaka ya 1870, ikatengenezwa kwa kufuata michoro, na ilibidi irekebishwe ndipo ishone. Hivyo kugoma kwenye turubai ni jambo la tangu mwanzo.

#17 Tanga_la_Igombe
Wakuu, asanteni kwa historia, sasa rudini kwenye pindo langu.

#18 KambaNaNyavu
Wote mmeusahau uzi. Mwaloni watu wanachukua uzi wa kushonea nyavu, wanautia kwenye cherehani kwa sababu ni imara na wa bei rahisi. Angalia msokoto. Shika uzi wima mbele ya macho: mistari ya msokoto ikilala kama kiungo cha katikati cha herufi Z, unafaa. Ikilala kama cha S, hautafaa kwenye cherehani ya aina hii. Shato na mkono wa kuvuta uzi vinaufumua kila mshono, nyuzi zinaachana, ncha ya shato inaingia katikati ya uzi badala ya kitanzi. Unapata mshono uliokatika nusu, au usiokuwepo.

Na ule wa nailoni wa mshipi, usiokuwa na nyuzi ndani? Usijaribu. Unajikunja wenyewe kama unavyotaka, kitanzi kinalala upande, shato halikioni.

#19 BibiBobini
#18 umesema kweli tupu kuhusu msokoto. Lakini mwenye mada kasema anatumia polista ya cherehani.

#20 KambaNaNyavu
Polista ya cherehani kwa maneno ya muuzaji. Auangalie wima ndipo tuamini.

#21 Mwanafunzi_Igoma
Mimi nadhani sindano inapata moto, inayeyusha kiroba, plastiki inaganda kwenye tundu na uzi unakwama.

#22 SindanoKumiNaSita
#21 kwa mashine ya kiwandani ya umeme, ile ya shato linalozunguka mzunguko kamili na kufikia mishono 5,000 kwa dakika, hoja yako ni nzito. Kiroba ni polipropilini, kinayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu. Polista inavumilia hadi kama 255. Kwa hiyo kitambaa kinayeyuka kabla ya uzi, na utaona uchafu mgumu kwenye sindano. Lakini mguu wa binadamu kwenye pedeli haufiki kasi hiyo hata karibu. Sindano ya pedeli haichomi kiroba.

Kinachoganda kwenye sindano ya pedeli ni gundi ya turubai la PVC na ile rangi ya maandishi ya mfuko wa unga. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya pindo moja.

#23 Ngosha_wa_Nyakato
Na mafuta. Watu wanatia oili ya bodaboda. Inaganda, shato linakuwa zito, mkanda unateleza kwenye gurudumu, na gurudumu likirudi nyuma hata robo mzunguko uzi unakatika. Tia mafuta ya taa kwenye matundu yote, zungusha mashine bila uzi mpaka uchafu mweusi utoke, futa, kisha mafuta meupe ya cherehani. Tone moja moja. Chini, kwenye njia ya shato, tone moja linatosha.

#24 Nansio
Mishono yenu inarukwa, na isiyorukwa ni mifupi mno. Kwa tanga weka urefu wa milimita 4, mwisho wa kipimo cha hizi mashine. Ukishona milimita 2 kwenye kiroba umetoboa mstari wa kuchania. Upepo wa alasiri ukija, tanga linafunguka palepale pa mshono na uzi wako ukiwa mzima kabisa.

Tena mshono ulionyooka haunyumbuki, tanga linanyumbuka. Washona matanga wa boti duniani hutumia zigizaga. Hataza ya mashine ya zigizaga ni ya Helen Blanchard, Marekani, 1873. Kwa mashine ya mshono mnyoofu, piga mistari miwili inayolingana, pindo la kukumbatiana, nafasi ya kama milimita 8 kati yake.

#25 KambaNaNyavu
Naongeza: usitumie nailoni juani. Polista inavumilia jua vizuri zaidi. Ingawa kiroba chenyewe kitakufa kabla ya uzi, kikianza kutoa unga ukikikwaruza kwa kucha, acha kushona kiraka. Kiraka kipya kwenye kiroba kilichooza kinang'oka na kipande kizima.

#26 Makoroboi
Mbona mashine ya kufungia viroba vya sembe haijawahi kugoma? Ile ya kushika mkononi. Inapita kama upepo, na ni kiroba kilekile.

#27 Capripoint
Swali zuri kuliko unavyodhani. Ile inashona mnyororo, mara nyingi kwa uzi mmoja, haina bobini. Kitanzi kinadakwa na kidole cha chini na kushikiliwa mpaka kitanzi kinachofuata kipite ndani yake. Sindano yake ni nene, meno yake makubwa, na mfuko unapita wima ukiwa umebanwa pande zote mbili. Hakuna nafasi ya kitambaa kupanda na sindano. Hoja ya BibiBobini inapata nguvu hapo.

Mnyororo ni wa zamani: Thimonnier wa Ufaransa alipata hataza yake 1830, akawa na mashine zipatazo 80 zikishona sare za jeshi Paris, mafundi nguo wakazivamia na kuzivunja kwa kuhofia riziki yao.

#28 Makoroboi
Basi washone matanga kwa hiyo, mjadala ufungwe.

#29 Capripoint
Thubutu. Unafunguaje kiroba cha sembe? Unakata uzi upande mmoja, unavuta, mstari mzima unatoka. Sasa uzi huo ukatike kwa kusuguana na mlingoti katikati ya Mwanza na Ukerewe. Mshono wa nyuzi mbili ukikatika pahali pamoja, mingine inashikilia.

#30 Tanga_la_Igombe
Kuna fundi ametengeneza kirola cha kukaa mahali pa mguu, kinabana kiroba na kuzunguka badala ya kuburuza. Kinapunguza kuruka kwa kiasi kikubwa. Niweke picha hapa mkione?

#31 MzeeWaHataza
USIWEKE. Kama ana nia ya hataza, kitu kikishaonyeshwa hadharani upya wake unaingia mashakani. Aombe kwanza BRELA (wakala wa usajili wa hapa Tanzania), picha baadaye. Na ajue hataza ya Tanzania haimlindi Kisumu wala Jinja, na huko nako kuna matanga. Akitaka nchi zote tatu kwa ombi moja, njia ni ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare: Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo, anazitaja kwenye ombi. Muda ni miaka 20 tangu kuomba, na kila mwaka kuna ada. Asipolipa, inakufa.

#32 Capripoint
Lakini mguu wa rola upo siku nyingi kwenye mashine za kushonea ngozi. Akiandika "rola badala ya mguu" atakataliwa. Atafute kilicho chake hasa: pengine namna kinavyofungwa, au springi. Hicho ndicho aandike kwenye madai yake. Akitaka kuchonga cha pili kwa vipimo safi, aende SIDO (shirika la viwanda vidogo) Nyakato na mchoro.

#33 MzeeWaHataza
Mchoro asimwachie mtu kabla ya kuomba.

#34 Ngosha_wa_Nyakato
Kumaliza ubishi wa shato na kitambaa kuna jaribio. Pindo lilelile, zungusha gurudumu kwa mkono polepole mishono ishirini. Ikiruka kwa mkono, ni majira. Ikiruka kwa pedeli tu, ni kitambaa kupanda.

#35 BibiBobini
Jaribio halitoshi, mwanangu. Kiroba kinapanda na sindano hata ukizungusha polepole. Bandika kidole pande zote mbili za mguu, bana kitambaa kwenye bamba, kisha zungusha. Kuruka kukiisha, jibu unalo.

#36 Ngosha_wa_Nyakato
Na kusipoisha?

#37 BibiBobini
Basi fungua bamba lako la uso ufurahi.

#38 Mwanafunzi_Igoma
Vipi sindano ya ngozi, ile yenye ncha ya mkuki? Si inakata njia yenyewe bila kung'ang'aniwa?

#39 SindanoKumiNaSita
Kwa ngozi sawa. Kiroba kimefumwa kwa tepe nyembamba. Ncha ya mkuki inazikata tepe hizo moja baada ya nyingine, na mstari wa tepe zilizokatwa ndipo tanga litakapochanikia. Tumia ncha ya kawaida, inapenya na kuzisogeza.

#40 Mwanafunzi_Igoma
Na turubai la bluu, ambalo halijafumwa?

#41 Nansio
Limefumwa. Liinue juani, utaona tepe ndani, juu na chini zimepakwa plastiki. Ncha ya mkuki hapana hapo pia. Ila la PVC, lile la malori, ndani lina kitambaa cha polista chenye nyuzi nene, na hapo wapo wanaoitumia bila shida.

#42 SindanoKumiNaSita
Wapo, na mimi sikubaliani nao. Mwenye kipande cha PVC kilichoshonwa kwa mkuki na kukaa juani aeleze mshono ulivyo sasa.